Mita Nane kwa Sekunde

Saa tisa usiku nimeteremsha kizuizi.
Taa nyekundu inapepesa juu ya theluji,
na Eilif Brekkhus, dereva wa lori la makreti ya samaki,
anagonga kioo cha kibanda changu kwa ngumi yenye glavu:
"Torunn, fungua! Mabilioni yote yale,
leo daraja linaogopa kaupepo?"

Namwingiza ndani. Namtilia kahawa.
Kipimaupepo kinasoma thelathini na moja,
kinashuka, kinapanda tena.
"Umebeba nini?"
"Sijabeba kitu, nimeshusha mjini."
Debe tupu haliachi kuvuma, nawaza,
na lori tupu haliachi kupeperushwa.

Daraja haliogopi, Eilif.
Dhoruba hii haina mpango:
inapiga kofi, inasahau, inarudi na kofi la upande mwingine,
na sakafu ile ya chuma, zaidi ya kilomita moja
kutoka mnara hadi mnara,
inasogea pembeni kidogo tu
kama mtu anayempisha mlevi kwenye ngazi.
Ninayemhofia humu ni wewe.

Kinachoninyima usingizi ni kingine.

Mwaka wa kwanza, mwezi wa Mei, asubuhi ya jua,
bendera ya shule ikijinyoosha bila haraka,
upepo wa mita nane kwa sekunde,
upepo wa kukaushia shuka,
daraja lilianza kupumua.
Nguzo za taa zikazama, zikaibuka,
zikazama, zikaibuka, moja nyuma ya nyingine,
na mwalimu Gunnvor akashuka kwenye baiskeli,
akakaa katikati ya njia,
akashika lami kwa viganja viwili
kana kwamba lami ina mpini.

Wahandisi walichonga kipande cha daraja
kirefu kama kitanda changu,
wakakining'iniza kwa springi ndani ya handaki la upepo,
wakapuliza moshi. Nilialikwa. Nikaona.
Moshi ulipita juu, ulipita chini,
na nyuma ya ukingo ukajikunja vishungi:
kimoja juu, kimoja chini, kimoja juu, kimoja chini,
kila kimoja kikivuta kidogo,
kidogo cha kuaibisha.

Baba alinisukuma kwenye bembea kwa kidole kimoja.
Kidole kimoja, lakini kilijua lini.
Nikapaa mpaka minyororo ikalegea mikononi
na mama akapiga yowe kutoka dirisha la jikoni.
Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kisha wakaongeza kasi, wakanionyesha lile wasilopenda kulisema.
Kipande kikaanza kujipinda,
bega hili juu, bega lile chini,
na kila kilipojipinda kikaukamata upepo zaidi,
na kila kilipoukamata kikajipinda zaidi,
mpaka springi moja ikakatika ikagonga kioo.
Nikauliza, nani amekivunja?
Kijana aliyeshika swichi akakuna kichwa.
"Hakuna. Walikubaliana."

Na dawa? Mabati.
Mabati yaliyopindwa, yamefungwa chini ya kingo mbili
ili moshi upite bila kusokota nywele.
Na ile kasi ya kujipinda, wameniapia,
haijawahi kuvuma kwenye mlangobahari huu.
Haijawahi. Nalipenda neno hilo mchana.

Eilif amelala, kikombe kimeinama kifuani.
Saa kumi na moja: ishirini. Kumi na nne. Kumi na moja.
Namwamsha, nainua kizuizi,
naye ananishukuru kwa kununa.
Taa zake za nyuma zinavuka kwa mstari ulionyooka.

Theluji imeacha kukimbia, inaanguka tu.
Yeyote angesema kumetulia.
Nafuta ukungu kwenye kioo kwa kiwiko,
nahesabu nguzo za taa, moja, mbili, tatu,
nikiangalia kama kuna inayozama.
Kipimaupepo kinasoma nane.
Nane.
Nane.